Risasi zinapasuka shingo na kundi linarefuka mita 600: je, mtutu umekwisha?

"Fundi, salaam aleikum. Nina bunduki ya shabaha ya .308, ya bolti ya mkono, na kibali changu kiko sawa. Tangu niinunue haijapiga risasi 900. Mwaka jana nilipata kwa muuzaji mwenye leseni masanduku ya risasi za kijeshi za zamani, 7.62 × 51, ambazo huingia kwenye .308, kitakoni zina msalaba ndani ya duara na namba 86. Bei ilikuwa nzuri. Kwa mita 100 zinakaa vizuri, tano nazifunika kwa kifuniko cha chupa ya maji. Nikienda bara kwenye uwanja wa mita 600, upana ni sentimita 18 hivi lakini juu mpaka chini ni 45. Maganda matatu yamepasuka shingoni. Juzi nikizifuta nikaona moja ambayo haijapigwa nayo ina ufa mwembamba unaoanzia mdomoni. Nyingine ilichelewa: nilivuta, ikalia 'tik', kisha ndiyo ikalipuka. Wenzangu wanasema mtutu umekwisha, niubadilishe. Mmoja anasema nizisugue kwa dawa ile tunayong'arishia shaba za milango, maana zimeanza ukijani. Sefu iko stoo, mahali pa kivuli, ukuta mmoja na banda la kuku. Nishauri."

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na la haraka, maelezo yatafuata. Risasi za masanduku hayo usipige tena hata moja. Kundi, yaani matundu ya risasi zako kwenye karatasi, kurefuka hakumuumizi mtu. Ninachokiogopa ni ile iliyochelewa na ile yenye ufa kabla haijaingia chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Risasi inayochelewa inakwambia fataki (kile kidude cha kitakoni kinachoiwasha baruti) au baruti yake imeharibika, na baruti iliyoharibika haina ahadi: leo inachelewa nusu sekunde, kesho inasukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu na kukiacha hapo.

Ikikutokea tena na risasi yoyote ile, mdomo wa bunduki ubaki umeelekea shabaha, mkono utoke kwenye bolti, na uhesabu taratibu hadi 30. Viwanja vingine vinataka dakika nzima, nami nakubaliana navyo. Baada ya hapo ndipo unafungua, uso wako ukiwa pembeni. Na ukisikia mlio hafifu, au ukihisi bega halikusukumwa kama kawaida, acha kabisa. Toa risasi zilizobaki, chomoa bolti, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka uone mwanga upande wa pili. Mtu anayepiga risasi ya pili nyuma ya kichwa kilichokwama anaupasua mtutu mbele ya macho yake.

Sasa tuje kwenye hofu yako yenyewe. Mtutu wako haujaisha. Mtutu wa .308 huvumilia risasi elfu kadhaa kabla ya koo lake, pale mbele ya chemba, kulika kiasi cha kuharibu shabaha, kwa sababu risasi hii haichomi baruti nyingi kwa ukubwa wa tundu lake. Wewe hujafika hata 900. Mtutu uliokwisha ungekuonyesha pande zote: kundi lingepanuka kulia na kushoto pia, na mita 100 zisingekaa chini ya kifuniko cha chupa. Lako limerefuka upande mmoja tu, wa juu na chini. Umbo hilo lina maana yake, na wenzako wamelipita bila kulisoma.

Upana wa sentimita 18 kwa mita 600 ndio huo huo wa sentimita 3 kwa mita 100, umekua tu kadiri umbali ulivyokua. Hapo ndipo ulipo uwezo wako, wa bunduki yako, na wa upepo wa siku ile. Kwa hiyo mkono wako hauna kasoro. Urefu wa sentimita 45 umetoka kwingine, na mara nyingi unatoka kwenye mwendo. Risasi ikitoka na mwendo mdogo inachukua muda mrefu zaidi hewani, na muda wote huo inashuka. Chukua risasi ya .308 yenye kichwa kizito cha shabaha kinachotoka kwa mita 790 hivi kwa sekunde. Kwa hesabu ya kukadiria, tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi moja na nyingine inazitenganisha milimita 2 tu kwa mita 100. Kwa mita 600 tofauti hiyo hiyo inazitenganisha karibu sentimita 9 au 10. Ndiyo maana karatasi ya mita 100 inakusifu na ya mita 600 inakushtaki, risasi zikiwa ni zile zile. Kwa urefu ulioniandikia, risasi zako zinapishana kwa mita 40 hivi kwa sekunde. Risasi nzuri za mashindano kwa kawaida hazipishani hata nusu ya hiyo.

Sikatai kwamba urefu unaweza kutokana na mambo mengine. Kiegemeo kinachodunda, darubini iliyolegea kwenye vishikio vyake, mtu anayevuta kabla pumzi haijatulia, hata joto la ardhini linalochezesha picha ya shabaha mchana: yote haya yanaongeza. Lakini hayapasui shingo za maganda. Wewe una vyote viwili pamoja, kundi refu na maganda yaliyopasuka, na chanzo kimoja kinaeleza vyote viwili.

Ganda la risasi limetengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Baruti ikiwaka, shinikizo ndani ya .308 linaruhusiwa kufika zaidi ya mara 4,000 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Ganda linatanuka, linajibana kwenye kuta za chemba na kuziba njia ya gesi kurudi nyuma. Shinikizo likishuka, ganda linanywea kidogo ili uweze kulitoa. Madini yanayoweza kutanuka hivyo na kurudi bila kupasuka si mengi, na ndiyo sababu shaba hii imedumu kwenye kazi hiyo tangu karne ya 19.

Lakini ganda halizaliwi na umbo lile. Linaanza kama kisahani kinene, linasukumwa na kuvutwa likiwa baridi mara kadhaa hadi liwe mrija, kisha mdomo unabanwa upate bega na shingo. Kila mvuto unaacha mkazo ndani ya shaba. Kwa macho huuoni, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa: imetulia kabisa mpaka siku uikwaruze mahali pabaya, hapo inachanika yenyewe. Juu ya mkazo huo wa kiwandani, shingo ina mkazo wa pili, kwa sababu kichwa cha risasi kinene kuliko tundu lake kimeingizwa kwa nguvu na shingo inakishika kwa kutanuka. Mkazo huu wa pili haupumziki. Risasi ikikaa miaka 40 sandukuni, shingo nayo imetanuka miaka 40.

Jeshi la Uingereza lilijifunza hili India katika karne ya 19. Risasi zilihifadhiwa mazizini wakati wa mvua, na kiangazi kilipofika zikakutwa zimepasuka bila kupigwa. Kwa muda mrefu watu walidhani ni majira yenyewe yanayopasua shaba. Mwaka 1921 watafiti wa Uingereza, Moore, Beckinsale na Mallinson, ndio walioeleza kwa ukamilifu: mkojo wa farasi unatoa amonia, amonia ikichanganyika na unyevu inashambulia shaba ya njano pale yalipo mipaka ya chembe zake, na mkazo uliomo ndani unamalizia kazi kwa kufungua ufa. Vitu vitatu lazima vikutane: shaba yenye mkazo, unyevu, na amonia. Ukiondoa kimoja, ufa haupati njia.

Ndugu yangu, sasa rudia sentensi yako kuhusu sefu. Sefu ina ukuta mmoja na banda la kuku. Kinyesi cha kuku ni chanzo kikubwa cha amonia; ile harufu inayokuwasha pua na macho ukiingia bandani asubuhi kabla hujafungua madirisha, ndiyo yenyewe. Unyevu sina haja ya kukueleza, wewe uko Mombasa. Shati lililokauka jana linaamka na ubichi, chumvi ya kisahani inashikana, na msimu wa masika hata kitasa cha mlango kinatoa jasho. Mkazo umo shingoni tayari. Vitatu vimekutana ndani ya stoo yako, na kivuli unachojivunia hakiwezi kuvizuia.

Siwezi kukuhakikishia kwamba banda lako ndilo lililopasua zote. Hatujui masanduku yale yalikaa wapi kabla ya kukufikia: huenda yalipikwa ndani ya kontena bandarini, huenda yalilala kwenye ghala lenye paa la mabati. Lakini ufa kwenye risasi ambayo haijapigwa, unaoanzia mdomoni na kuteremka kuelekea begani, ni alama ya ugonjwa huu. Ganda lililojazwa upya mara nyingi nalo hupasuka shingoni, kwa sababu shaba inakuwa ngumu kila inapotanuka na kubanwa. Lako halikuwahi kupigwa.

Namba 86 ni mwaka wa kutengenezwa, na umri peke yake si kosa. Nimeona watu wakitupa risasi nzuri za zamani kwa hofu tu, na wengine wakinunua mbovu kwa kuwa mtu kawaambia "za jeshi hazifi". Msalaba ndani ya duara unakwambia risasi ilitengenezwa kwa vipimo vya NATO. Haukwambii ilipotoka hapo ilitunzwa vipi. Ukitazama shingo zake utaona rangi kama ya mafuta juu ya maji, buluu na hudhurungi, inayoishia chini kidogo ya bega. Hiyo si kutu. Ni alama ya moto: kiwanda kilipasha shingo joto ili kulegeza mkazo ule wa kwanza, hasa kwa ajili ya kuzuia nyufa hizi. Viwanda vingi vya kiraia vinaifuta rangi hiyo ili risasi ipendeze dukani. Jeshi linaiacha ili mkaguzi aione. Moto huo unasaidia sana, ila haugusi mkazo wa pili, ule wa kushika kichwa cha risasi, kwa sababu kichwa kinaingizwa baadaye.

Na nyufa hizi zinafikaje kwenye karatasi ya mita 600? Baruti inahitaji kubanwa kidogo mwanzoni ili iwake sawasawa, na anayebana ni shingo inayokishika kichwa. Shingo yenye ufa inakiachia mapema, shinikizo linapanda kwa uvivu, risasi inatoka polepole na kugonga chini. Shingo ya jirani yake haina ufa, ila ukijani umeingia kati yake na kichwa na kuwashikanisha. Hiyo inakataa kuachia, shinikizo linapanda juu kuliko kawaida, risasi inatoka kwa kasi na kugonga juu. Mwaka huo huo wa 1921, kiwanda cha Frankford cha jeshi la Marekani kilitengeneza risasi za mashindano ambazo vichwa vyake vilipakwa bati jembamba ili mtutu usichafuke kwa shaba. Bati likashikana na shingo kana kwamba limechomelewa, na walioongeza grisi juu ya risasi hizo walipata shinikizo la hatari. Tangu hapo kila fundi makini anaogopa kichwa kilichoganda shingoni.

Kuhusu dawa ya milango: hapana. Nyingi ya dawa hizo za kung'arisha shaba zina amonia ndani yake, na ndiyo inayozifanya zing'arishe haraka. Mlango wa Mji wa Kale hauna shinikizo la kuubana wala mkazo wa shingo, ung'arishe utakavyo. Risasi ukiisugua kwa dawa hiyo umeipaka ugonjwa wenyewe kwa kitambaa. Wala usitumie ndimu na jivu kama wazee wanavyofanya kwa mabuli ya kahawa. Tindikali inavuta zinki kutoka juu ya shaba na kuacha madoa ya rangi ya waridi, na shaba iliyopoteza zinki ni dhaifu. Ukiona madoa hayo kwenye risasi ambayo hukuisugua kwa chochote, chumvi na unyevu vimefanya kazi hiyo hiyo taratibu, na risasi hiyo nayo iweke pembeni. Usipake mafuta ya kupenyeza ukidhani unaikinga. Yanaingia kando ya fataki na kuiua, na ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, hivyo linasukuma bolti kwa nguvu zaidi. Kitambaa kikavu cha pamba, basi.

Ufa wa shingoni, pamoja na usumbufu wake, ndio wenye huruma kuliko zote. Gesi inayopenya hapo inaelekea mbele, na utaona tu masizi meusi begani. Ukipanda kutoka kitakoni kiasi cha upana wa kidole, ukakuta mstari unaong'aa unaozunguka ganda, hapo ndipo pa kushtuka. Ganda limevutika na linakaribia kukatika vipande viwili. Chukua waya mwembamba, uukunje ncha kama ndoana, uuingize ndani ya ganda lililokwisha kupigwa, ukwaruze ukuta kutoka chini kwenda juu. Ncha ikikwama kwenye mtaro, umethibitisha. Sababu yake mara nyingi ni nafasi kubwa mno kati ya ganda na uso wa bolti, na hiyo si kazi ya kurekebisha nyumbani. Ufa wa kwenye kiwiliwili, wa urefu, unaoteremka hadi kitakoni, ni mbaya zaidi kwa sababu gesi inarudi kwako. Kwenye fataki, tazama kama imetobolewa, kama ina mduara mweusi pembeni, au kama imebanwa bapa hadi kingo zake zimepotea. Zako hukuniandikia lolote kuhusu fataki wala kitako. Kabla hujalala leo chukua maganda yako, kaa penye mwanga, uyatazame moja moja.

Sasa ufanye nini na masanduku. Najua uliyanunua kwa fedha zako na bei ya risasi hapa kwetu si mchezo. Wengine watakushauri uzichague, zenye ufa utupe, zisizo na ufa upige za mazoezi. Sikubali. Ufa unaoonekana ni ule uliofika nje. Wa ndani ya shingo, chini ya kichwa, hauuoni mpaka upige. Na iliyochelewa haikuwa na alama yoyote ya nje, sivyo? Rudisha yote kwa muuzaji aliyekuuzia, pamoja na maganda yaliyopasuka na ile moja yenye ufa, umweleze. Muuzaji mwaminifu atashukuru, kwa sababu ana masanduku mengine ya toleo hilo hilo na wateja wengine. Akikataa, wasiliana na ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni za silaha wakuelekeze namna ya kuzikabidhi, na uhakikishe umeandikiwa, maana risasi zilizo kwenye kibali chako zinahesabika. Usizitupe baharini, si Tudor si Kilindini, usizifukie shambani, na usijaribu kuzifungua kwa koleo ili utoe baruti. Mvuvi au mtoto atazikuta.

Utapiga nini badala yake? Risasi za mashindano za kiwanda, zenye kichwa kizito cha shabaha, ndizo zitakazokuonyesha bunduki yako inaweza nini kwa mita 600. Ni ghali, na kwa mtu anayefanya mazoezi kila mwezi zinauma. Ushauri wangu ni kuzigawa: nunua risasi mpya za kawaida, zilizotengenezwa karibuni, kwa kazi ya mita 100, ya kujifunza pumzi na kidole, za mashindano uziweke kwa safari za bara. Ukinunua, nunua masanduku yenye namba moja ya toleo, kadiri mfuko unavyoruhusu. Toleo likibadilika, ganda linaweza kuwa nene au jembamba kidogo, nafasi ya baruti inabadilika, na mwendo unabadilika nao. Maganda ya kijeshi kwa kawaida ni mazito kuliko ya kiraia kwa sababu hiyo hiyo ya unene. Kuchanganya matoleo katika kundi moja la mita 600 ni kuipima bunduki kwa rula inayorefuka na kufupika.

Kuhusu kujaza risasi mwenyewe, utakutana na watu wanaokwambia ndiyo njia pekee. Kwa shabaha ya mbali ni kweli kwamba mtu makini, mwenye vipimo, anaweza kutengeneza risasi zinazolingana kuliko za dukani. Lakini inataka ruhusa. Usiguse kifaa chochote wala kuagiza fataki na baruti kabla hujapata jibu la maandishi kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Na hata ukipata, sitakushauri uanze sasa, ukiwa bado hujui tatizo ulilonalo limeisha au la.

Stoo. Hamisha sefu, au hamisha kuku. Katika hayo mawili sefu ni nyepesi zaidi kwa wengi. Iende chumba cha ndani, ukuta usiopakana na banda, choo wala jiko, na kisichohifadhiwa sabuni za vioo au za sakafu zenye amonia. Risasi zibaki ndani ya masanduku yake ya karatasi au plastiki, na masanduku hayo yaingie ndani ya kopo la chuma lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Usizitunze kwenye mkanda wa ngozi, hata uwe mzuri namna gani. Ngozi ina tindikali ya kutengenezea, na ukijani wa mkanda wa ngozi unaota haraka kuliko wowote.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Pwani tunalipata zaidi kuliko wa bara. Ukihamishia sefu chumba chenye kiyoyozi, risasi zinakuwa baridi. Ukizitoa alfajiri na kulifungua kopo nje, hewa yenye fukuto inagusa shaba baridi na umande unajitengeneza papo hapo, juu ya kila risasi. Liache kopo limefungwa mpaka lipate joto la nje, saa moja au zaidi, ndipo ufungue. Ukirudi jioni fanya kinyume: fungua kopo ndani ya chumba kikavu, zifute zile ulizozishika kwa vidole vyenye jasho, badilisha vifuko kama vimeshiba, kisha ufunge. Na njiani usiziache kwenye buti la gari juani. Joto linaharakisha kuoza kwa baruti, na risasi iliyopata moto inatoka kwa shinikizo kubwa kuliko ile uliyoipima asubuhi. Kwa mita 600 utaliona hilo kwenye karatasi pia.

Kabla ya kupiga tena, ningependa fundi mwenye leseni aishike bunduki yako mkononi, kwa sababu kuna mambo mawili siwezi kuyaona kwa maandishi. La kwanza, apime chemba kwa vipimo vyake vya chuma, ahakikishe nafasi ya bolti iko ndani ya mipaka ya .308. Vipimo vya chemba za kijeshi za 7.62 vinaruhusu nafasi kubwa kidogo kuliko vya .308, na ni vizuri kujua yako imekaa wapi. La pili, atazame shingo ya chemba na koo la mtutu. Gesi iliyopenya kwenye nyufa inaweza kuwa imeanza kula chuma, na risasi nyingine za zamani zina fataki zinazoacha chumvi inayonyonya unyevu. Kwa hewa yetu mtutu unaota kutu ndani ya usiku mmoja. Mwambie ni risasi gani ulizokuwa unapiga. Mpelekee haraka zaidi, bila kusubiri, kama umewahi kuhisi gesi usoni, kama bolti imekuwa nzito kuinua, au kama ganda limewahi kukwama. Na miwani ya kinga, tafadhali, kila mara, hata kwa risasi moja ya kujaribu.

Akikupa ruhusa, safisha mtutu vizuri, nunua sanduku moja la toleo jipya na uende nalo bara. Piga kumi kwa mita 600 bila haraka, na kama uwanja una kipimo cha mwendo, kiwekwe mbele yako na uandike kila namba. Urefu wa kundi ukirudi karibu na upana wake, tatizo lilikuwa shaba na limekwisha. Urefu ukibaki vile vile huku namba za mwendo zikikaribiana, niandikie tena pamoja na namba hizo zote na picha ya darubini na vishikio vyake kutoka pembeni.